Nukta Mbili Juu ya U

Miaka thelathini na mmoja nilioka mkate mweusi
pale Võru, mpaka duka likafungwa.
Tarmo akanipa kazi kiwandani kwake:
"Maimu, wewe na tanuri mnaelewana.
Huku unga ni wa mbao, basi."

Alisema kweli kuliko alivyojua.
Kuni, kama mkate, huharibiwa na pupa.
Hewa ikipenya zinawaka, unabaki na jivu.
Ziba mlango, zipe nyuzi mia mbili na themanini:
zitatoa maji kwanza,
kisha harufu ya siki na sukari iliyoungua,
kisha zitanyamaza.
Hapo zimeiva.
Mita hukubali dakika mbili baada ya pua yangu.

Jirani huniuliza: kumbe unazichoma?
Sizichomi.
Nazizoesha joto kabla hazijauona moto.
Wahenga walisema kuni za uchagani huzicheka za motoni;
hapa hatuna uchaga,
kila kijiti kina zamu yake kwenye mkanda.

Kalju huleta mizigo alfajiri:
matawi yaliyoachwa msituni, magome, maranda,
ncha za mbao ambazo seremala hakuzitaka,
nguzo za ua wa mtu aliyehamia mjini.
Mwezi wa tatu akaleta shule.
Ilikuwa imebomolewa Leppoja, wanafunzi walibaki wanne.
Tarmo akatazama lori, akatikisa kichwa:
yenye vanishi hapana, ina sumu,
jalalani.

Nilikuwa nakula mkate nikiwa nimesimama
nilipoliona dawati limelala kifudifudi,
na chini ya ubao wake, palipofichwa macho ya mwalimu,
ÜLO.
Kisu alikatazwa. Alichapwa kwa rula, viganja vyote viwili,
kesho yake akarudi kumalizia nukta ya pili.
Baadaye akawa mkata miti.
Msonobari mmoja uliegemea upande ambao hakuutarajia.
Hayo yatosha.

Nina kipara changu cha zamani cha kukwangulia kinyunga.
Nilikwangua vanishi hadi saa nne usiku,
ikatoka kama utando wa maziwa.
Jina halikutoka. Alichimba kwa hasira, yule,
kana kwamba ndani ya meza kuna kitu chake.

Tuna tanuri dogo la majaribio.
Kati ya sampuli ya arobaini na sita na ya arobaini na saba
nikaingiza kipande kisicho na namba.
Daftarini niliandika: msonobari mkuukuu. Sababu: kuona.

Kilitoka na rangi ya kahawa, chepesi mkononi.
Theluthi ya uzito imekwenda,
nguvu imebaki karibu yote.
Niliitamka hesabu hiyo kwa sauti
kwa kuwa sikujua sala inayofaa.

Halafu jaribio la unyevu, kama kawaida:
tone la maji juu ya herufi.
Liliteleza kwenye L, likapita ukingoni mwa O,
mengine yakajaa zile nukta mbili juu ya U,
yakakaa humo yanang'aa, hayakuzama.
Sikutaka kuyapa jina lingine.
Niliandika: hakinywi maji.

Kuni zilizoiva hivi huvunjika kirahisi,
nami nililijua hilo, nikakitia mfukoni vivyo hivyo
nikatembea kilomita mbili juu ya barafu.
Mlangoni nikaingiza mkono: O imekatika.

Usiku ule baridi ilishuka ishirini na nne chini ya sifuri.
O nikaitia jikoni.
Ilishika mara moja, bila moshi, bila kutatarika,
duara dogo la mwanga,
chai yangu haikupata hata kuchemka.

ÜL iko dirishani.
Tarmo ameuliza sampuli imekwenda wapi.
Nimemwambia nusu bado naifanyia kazi.